Bahari Iliyofungwa: Mtu wa Chumba cha Mwisho

Wiki nzima nimekuacha umesimama na mimi mlangoni, msomaji, na najua miguu inauma. Haya, tuingie.

Marehemu Ratu Nasoni alikuwa ameketi juu ya kitanda cha hoteli, anakula kichwa cha samaki.

Paji ni lile lile. Masikio makubwa ni yale yale. Mguu mmoja ameukunja chini yake, vile vile alivyokaa miaka yote kwenye mkeka wake. Nami nilikuwa kati ya watu ishirini walioruhusiwa kumzika.

Unajua nilifanya nini? Nilikaa chini. Cheka tu. Kwetu Nabukelau, Ratu, yaani chifu, akiwa ameketi, wewe unakaa chini kuliko yeye. Kama kuna kanuni nyingine kwa waliokwisha kufa, mimi sijafundishwa. Nikakaa sakafuni, nikainamisha kichwa, nikakunja viganja nikapiga makofi ya heshima.

"Ratu," nikasema, "kama umekuja kunichukua, nina watoto wawili."

Akatafuna. Akameza.

"Vara, inuka. Hapo pana maji, utalowa."

Nilikuwa nimeshalowa. Nikainua macho, na safari hii nikaangalia vizuri. Marehemu alikuwa na miaka themanini na kitu. Huyu alikuwa rika langu, na kwenye nyusi alikuwa na kovu ambalo nilimtia mimi mwenyewe kwa rula tukiwa darasa la tatu.

"Sakeasi?"

"Ndiyo mimi."

"Mshenzi wewe. Roho yangu ilikuwa imeshatoka."

Kwa uliyeanza kusoma leo, nakupa kwa kifupi, maana sina muda na huko kijijini wananisubiri. Ratu Nasoni, chifu wetu, alifariki wakati korona imeshafunga kila kitu. Kwa mila yetu chifu akifa, bahari iliyo mbele ya kijiji nayo inafungwa. Usiku mia moja hakuna wavu, hakuna mkuki, hakuna ndoana. Unasimamishwa mti kwenye mwamba, unafungwa kitambaa cha gome, na huo ndio mwiko wenyewe. Usiku wa mia ukifika, mrithi anakwenda kuung'oa mti, watu wanavua, wanapika, wanakula, msiba umekwisha.

Mrithi, huyu mwanawe Sakeasi, alikuwa mji mkuu, Suva, na Suva ilikuwa imefungwa. Usiku wa mia ulifika ukapita. Mti ukabaki umesimama.

Na sisi tulikuwa tumeshafukuzwa kazi. Hoteli ilipofunga milango, nusu ya kijiji ilirudi nyumbani siku moja: wapishi, wapiga gitaa, mimi wa dobi, na mume wangu Isimeli aliyekuwa akiwazamisha watalii kuwaonyesha matumbawe. Tukakaa tunakula mihogo kwa chumvi, macho kwenye bahari iliyojaa samaki. Watoto wetu walikonda tukiwaona.

Ndipo samaki wakaanza kuonekana milangoni alfajiri, kwenye nyumba zenye njaa zaidi. Wamefungwa majani, wamesafishwa, hawana vichwa.

Kichwa ni fungu la Ratu. Hakuna mtu wa Nabukelau asiyelijua hilo, hata mtoto anayenyonya. Kwa hiyo kijiji kizima kikasema kwa sauti ndogo kwamba marehemu anavua mwenyewe, anatulisha, na anachukua haki yake. Wengine walikula huku wanalia. Wengine waliwazika wale samaki. Hakuna aliyepita karibu na kaburi baada ya hapo.

Lakini Watisoni, mwenyekiti wa kijiji, alisema mzimu haushiki mkuki. Akasema anayevua ni Isimeli, kwa sababu ndiye mwenye pumzi ya kuzamia, na kwa sababu si mtu wa hapa. Kwao ni Bua, kisiwa kingine, amekuja kwetu kwa ndoa. Leo asubuhi ndiyo kikao cha kumfukuza. Na mimi badala ya kuwa kikaoni kando ya mume wangu, nilikuwa kwenye hoteli iliyokufa, nimelowa matako, naangaliana na mtoto wa chifu.

"Vichwa unakula wewe?" nikamuuliza.

"Ningekula miili, nyinyi mngekula nini?"

Nikakasirika zaidi.

"Umefikaje hapa? Barabara yote ni vizuizi na polisi."

Akaangalia dirishani.

"Sakeasi, nakuuliza."

"Nililetwa kwa lori la magimbi. Nililala chini ya magunia."

"Lori la nani?"

"Vara, nimeapa."

Kijiji chetu kina lori moja tu. Mwenye lori ana kibali cha kwenda mjini kila wiki kuleta unga na sukari. Ana sauti kubwa, ana kofia ya serikali, na ni binamu yangu wa damu ambaye nimemwita kaka tangu nikiwa natambaa.

"Watisoni," nikasema.

Sakeasi hakukataa.

"Kaniambia nisubiri hapa," akasema. "Nikijitokeza kabla Suva haijafunguliwa, polisi watatukamata wote wawili. Mrithi alale mahabusu na baba yake hajamaliza hata mwaka kaburini? Kaniambia kijiji kimetulia, niwe na subira."

"Kimetulia?"

"Ndivyo alivyosema."

"Leo hii, saa hii, wanamfukuza mume wangu kwa ajili ya samaki wako. Na anayewaongoza ni huyo huyo Watisoni."

Akakiweka kile kichwa cha samaki chini polepole.

"Isimeli? Isimeli hajawahi hata kutia mguu baharini tangu nije. Nilikuwa namwona kutoka hapa, anakwenda kuoga mtoni."

"Kawaambie wao. Mimi namjua, nalala naye."

"Atakwenda wapi? Meli za Bua hazitembei."

"Ndiyo maana nimekuja kumtafuta huyo mzimu, Sakeasi. Nilitaka nimshike mkono nimpeleke uwanjani."

Akainuka. Nitasema hivi, yule mtu hakusita. Alishika ukingo wa kitanda, akasema, "Twende," akapiga hatua moja, na magoti yakamwacha. Nikamdaka.

Nimefanya kazi ya pasi miaka tisa. Mkono wake ulikuwa na joto ambalo kwenye shati ningelipunguza.

Akakohoa. Alikohoa begani kwangu, kikohozi kikavu kisichotoa kitu, akashindwa kusimama mpaka kilipokwisha chenyewe.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Ni unyevu tu. Nyumba hii inavuja."

Chumba kile, msomaji, kilikuwa kinanuka. Samaki wa siku tatu, magamba ukutani, maganda ya mihogo chini. Mimi tangu mlangoni nilikuwa napumulia mdomo.

"Sakeasi, unasikia harufu gani humu ndani?"

Akavuta pumzi. Akafikiri kwa bidii, maskini, anavyofikiri mtoto aliyeulizwa swali gumu mbele ya darasa.

"Hakuna harufu yoyote," akasema.

Nikamwachia. Nikamkalisha kitandani, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Lakini kurudi nyuma kunasaidia nini? Mate yake yalikuwa begani kwangu. Pumzi yake nimeivuta. Nyumbani nilimwachia Bibi Makereta, shangazi yake, watoto wangu, Litia na mdogo wake Josaia, nikawaambia nakuja kupika sasa hivi.

Nikajua pale pale kwamba sirudi kupika.

"Usitoke humu," nikamwambia.

"Nisipotoka Isimeli anafukuzwa."

"Ukitoka wazee wanakufa. Bibi Makereta ana pumu. Nani atakuja kuwatibu? Daktari yuko upande wa pili wa vizuizi."

"Sasa unataka nini, Vara?"

"Nilitaka usije."

Nilisema vile kwa hasira, na nilikuwa na haki. Lakini uso wake ulivyokunjamana nilijuta.

"Nilikuwa nahudumia abiria kwenye ndege," akasema. "Unajua hilo. Ndege zikasimama, tukaambiwa asanteni. Mwenye nyumba naye akataka nyumba yake. Nililala kwa marafiki mpaka wakachoka. Yote hayo niliyaweza. Lakini baba alizikwa nikiwa naangalia kwenye simu, simu ikazima chaji kabla udongo haujaanza. Kila ninapofumba macho namwona bado yuko juu ya mkeka, ananisubiri."

Nikatoka.

* * *

Kikao kilikuwa kwenye uwanja wa raga, kwa masharti ya korona: kila mtu mbali na mwenzake, wazee mbele, wanawake na watoto nyuma. Isimeli alikuwa katikati peke yake, amekunja miguu, mfuko wake wa nguo kando. Alikuwa ameshafunga mizigo. Mume wangu ni mtu wa aibu, hapendi kusubiri kuambiwa mara mbili.

Mimi nikasimama kwenye magoli ya upande wa pili, kule mwisho.

"Vara," Isimeli akaniita. "Njoo ukae."

"Siji."

Minong'ono ikapita. Mwanamke mmoja akasema, tena kwa sauti ya kusikika, "Hata mke kamkana."

Watisoni alikuwa amesimama na kofia yake. Sauti ilikuwa imemkauka. Alikuwa amepiga kelele wiki nzima kuhusu mwiko na adabu na wageni.

"Tumalize," akasema. "Jua linapanda. Mtu huyu amekula kwetu, ameoa kwetu, akaiba kwenye bahari ya marehemu. Arudi kwao. Mke na watoto wakipenda wabaki, hao ni damu yetu."

"Si yeye," nikapaza sauti. "Anayevua namjua. Nimetoka kumwona."

"Mwanamke hasemi kwenye kikao cha wazee."

Hapo Bibi Makereta akakohoa kidogo kusafisha koo, na uwanja mzima ukanyamaza. Ni dada wa marehemu. Ana urefu wa mtoto wa darasa la sita na hajawahi kukatizwa na mtu.

"Watisoni, mimi ni mwanamke," akasema. "Na uwanja huu ni wa kaka yangu. Vara, sema mwanangu."

"Yuko hotelini, Bibi. Ni mgonjwa. Asiende mtu kule. Na mimi msinikaribie, nimeshamgusa."

"Ni nani?"

"Muulizeni kaka Watisoni alileta nini chini ya magunia ya magimbi."

Nilimwona. Mdomo ulifunguka, ukafungwa. Kwa dakika hiyo moja nilidhani atasema kweli, maana si mtu mbaya, msomaji, na nitalisema hilo hata leo. Alimleta mtoto amlilie baba yake. Kisha akaogopa, na woga ukamvuta hatua baada ya hatua mpaka hapo.

"Nilileta magimbi," akasema.

Watu wakacheka. Kicheko cha njaa ni kikali.

"Mmeona wenyewe," akaendelea, sasa amepata nguvu. "Mke anamkinga mumewe kwa hadithi za mizimu. Isimeli, beba mfuko wako."

Isimeli akainuka, akaupachika mfuko begani. Litia wetu akamtoroka Bibi, akakimbia mpaka kwake, ameshika ndala zake mbili.

"Baba umesahau hizi."

Akainama akazivaa. Alichukua muda mrefu sana kuvaa ndala zile.

Miguu yangu ilianza kwenda yenyewe. Niliushika mti wa goli kwa mikono yote miwili ili isiende. Nilimpenda mume wangu saa ile kuliko siku ya harusi, na sikuweza hata kumgusa mkono wa kwaheri.

Kisha nikasikia makofi.

Yalikuwa ya polepole, ya viganja vilivyokunjwa. Bibi Makereta alikuwa ameugeukia upande wa bahari. Akakaa chini huku anapiga makofi, na aliyekuwa karibu naye akageuka, akaona, akakaa. Kisha wote. Watu mia mbili walikaa chini bila kuambiwa, Isimeli na mfuko wake, Watisoni na kofia yake.

Maji yalikuwa yamekupwa. Juu ya mwamba, kutokea upande wa hoteli, mtu mwenye shuka jeupe kiunoni alikuwa anatembea peke yake kuelekea kwenye mti wa mwiko.

"Nasoni," Bibi Makereta akaanza kulia, kwa ile sauti ya msibani. "Kaka yangu, umerudi. Umekuja kumchukua nani?"

Wazee wa kike wakampokea. Kilio kikatanda uwanja mzima. Mwili ulinisisimka, na mimi nilikuwa najua.

Hakuna aliyeangalia. Mbele ya Ratu macho yanakaa chini, hivyo ndivyo tulivyolelewa, na kwa adabu hiyo watu wote walikuwa wanatazama majani wakati mtu wao anayumba. Aliyemwona ni mimi, na Litia ambaye bado hajajua adabu.

"Mama," mtoto akaniuliza kutoka mbali, "mbona anatembea kama mlevi?"

Sakeasi akafika kwenye mti. Kwanza aliuegemea tu. Kisha akaukumbatia akavuta, haukutoka. Akavuta tena. Mara ya tatu ukang'oka ghafla, naye akakaa kwenye maji, akainuka, akauinua juu na kile kitambaa kinachuruzika.

"Mimi ni Sakeasi," akaita. Sauti ilikatikakatika, lakini ilitufikia. "Baba amekufa, nami nimekuja. Samaki nilivua mimi. Isimeli hana kosa. Bahari ni yenu."

Vichwa vikainuka kimoja kimoja.

"Msinikaribie," akasema tena, na kikohozi kikamshika. Akajipinda. Mti ukamponyoka. Akaanguka upande wa ndani, kwenye mkondo ambamo maji yalikuwa yameanza kurudi, na hakuinuka.

Hakuna aliyesogea.

"Asiende mtu." Watisoni alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Mmemsikia mwenyewe. Ana ule ugonjwa. Atakayemgusa harudi kijijini, awe nani awe nani."

"Ni mtoto wa kaka yangu," Bibi Makereta akasema.

"Bibi, kaa. Nakuomba. Nina watu mia mbili hapa."

Na alikuwa na haki, ndiyo ubaya wake.

Isimeli akautua mfuko. Akavua shati, akalikunja vizuri nilivyomfundisha, akaliweka juu ya mfuko, akaweka na ndala.

"Isimeli, usiende," nikapiga kelele. Nilikuwa nimeshaachia goli, nakimbia kuelekea majini kwa upande wangu. "Naenda mimi. Mimi nimeshaguswa. Baki na watoto."

Alinisikia. Najua alinisikia kwa sababu aligeuza kichwa. Kisha akakimbia, na mtu wa kuzamia anajua kukimbia kwenye maji. Mtu ambaye dakika tano nyuma walikuwa wanamfukuza kwa kuingia kwenye bahari ile, aliingia ndani yake kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Nilipofika, maji yakiwa kifuani, alikuwa ameshamtoa chini. Kichwa cha Sakeasi kilikuwa begani kwake.

"Yu hai," akasema.

"Nilikwambia usije."

"Kila siku unaniambia kitu, mama Litia. Shika miguu."

"Na watoto?"

Akakaza mkono kwenye kifua cha Sakeasi na kuangalia kule ufukweni.

Unajua watu walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanaleta nyavu. Kwanza vijana wawili, kisha kumi, kisha akina mama na vikapu, wanakimbilia mwisho ule mwingine wa mwamba, mbali na sisi, wanapiga maji, wanaitana. Miezi yote ile ya mihogo. Siwalaumu. Nilisikia mtu anacheka kwa furaha, na samaki wakubwa walikuwa wanaruka mchana kweupe. Hakuna hata mmoja aliyetuangalia. Walipita kwa mbali huku wamegeuza nyuso, tulivyokuwa tunapita sisi karibu na kaburi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni mwenyewe anapewa nini.

Nilitaka kitu kimoja asubuhi ile, mume wangu asifukuzwe kijijini. Na kweli hakufukuzwa. Aliondoka mwenyewe, na mimi nikiwa nimeshika miguu.

"Twende hotelini," Isimeli akasema. "Tutamweka kwenye kitanda kile cha chumba cha mwisho, sisi tulale baraza. Siku zikipita tukiwa wazima, tutarudi. Watoto wako salama kwa Bibi. Watakula samaki leo."

"Watakula samaki," nikarudia. Yalikuwa maneno mazuri, nikayashika.

Sakeasi akafungua macho. Alinitazama muda kidogo kabla ya kunitambua.

"Watisoni," akasema.

"Achana na Watisoni sasa."

"Mwambieni akalale. Ni mgonjwa."

Isimeli akasimama.

"Nani mgonjwa?"

"Aliniletea mihogo Jumanne. Alikuwa ametoka mjini, anatetemeka mwili mzima. Alikohoa mpaka akakaa chini. Nikamfunika blanketi langu, nikamshikia kikombe." Akapumua. "Alisema ni vumbi la magunia. Mimi nilikuwa mzima siku ile, Vara. Mzima kabisa."

Jumanne. Na leo ni Jumamosi. Katikati hapo Watisoni amegawa unga nyumba kwa nyumba kwa mikono yake, na amekaa na wazee kila jioni kwenye bakuli moja la yangona, kinywaji chetu cha mizizi, kikombe kimoja kinazunguka midomo yote.

Tuligeuka wote wawili pamoja.

Watisoni alikuwa amebaki peke yake mchangani, nyavu zote zimempita. Litia alikuwa anatulilia, amenyoosha mikono majini, anataka kuingia. Bibi Makereta na miguu yake ya kizee hakuweza kumfikia. Watisoni akamwahi. Akamshika kwapani, akamwinua, akamkalisha mabegani mwake atuone vizuri. Litia akamkumbatia kichwa, akaweka shavu lake juu ya paji lake.

"Mshushe," nikapiga kelele. "Kaka Watisoni, mshushe chini."

Upepo ulikuwa unatoka nchi kavu. Sauti ilirudi kwangu mwenyewe. Isimeli naye akaita, kwa kifua chake chote kile, na kelele za wavuvi zikamfunika. Nikaachia mguu wa Sakeasi, nikainua mikono yote miwili, nikaipunga, nikaipunga.

Watisoni akaona. Alisimama anatuangalia kwa muda, kisha nikaona uso wake umelegea, kama mtu aliyesamehewa. Akainua mkono akanipungia.

Halafu akainama, akamnyanyua na mdogo wake, Josaia.